Arlys Tollefson, Aliyeikalia Mikono Yake Miaka Thelathini na Mmoja

Tarehe 30 Juni, Bi. Arlys Tollefson atarudisha funguo za gari la ofisi, baada ya kuitumikia idara yetu ya malezi ya watoto wadogo kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida la ofisi ameniomba mimi, Beth Lahti, niandike wasifu wake kwa kuwa tumekaa chumba kimoja miaka ishirini na miwili. Hakuniuliza kama ninamwonea wivu. Ninamwonea, tena sana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Arlys alikuja kwetu akitokea jikoni mwa shule ya msingi, bila shahada yoyote. Kazi yake ilikuwa kutembelea familia majumbani na kuwasaidia wazazi kulea watoto wasiovunjika moyo upesi. Mimi nilifika miaka tisa baadaye na shahada ya uzamili, mabango ya rangi, na mpango wa hatua saba nilioutunga mwenyewe. Mabango yale bado yako kabatini, mapya kabisa.

Yeye hakuwa na mpango. Akifika kwa watu alikaa kwenye benchi la mlangoni, pale pa kuvulia mabuti, akaikalia mikono yake yote miwili. Mtoto wa miaka mitatu anahangaika na zipu ya koti, mama anainuka kumsaidia, Arlys hatikisiki. "Tulia, mama. Mbona hajatuita?" Mtoto akiita, alimwonyesha mara moja tu, kisha akaikalia tena mikono yake. Zipu ikipanda hakupiga makofi. Alimuuliza mtoto amewezaje, na nyumba nzima ikasikiliza jibu. Aliwafundisha pia wazazi kusimulia mezani, wakati wa chakula, jambo moja waliloliharibu kazini siku hiyo na jinsi watakavyolitengeneza. Babu mmoja aliniambia kwamba kwao siku hizi hata mbwa hukaa ki-Arlys.

Alipoumia goti majira ya baridi ya mwaka juzi, nilimshikia zamu wiki sita. Niliendesha gari maili sitini kwenye theluji hadi kwa Duane Skoglund, baba anayelea mapacha peke yake. Alinipa kahawa na kipande cha keki ya boga, akazisikiliza hatua zangu zote saba kwa adabu.

"Beth, wewe ni mtu mzuri, sikatai," akasema. "Ila huyo Arlys, goti lake linaendeleaje?"

Nilitabasamu, nikaenda kulia garini.

Lakini wivu wenyewe uko nyumbani kwangu. Mume wangu alipohama nyumbani, binti yetu Kaisa alikuwa na miaka mitano. Mimi, mtaalamu, nilimvalisha, nilimlisha, nikamjibia hata maswali aliyoulizwa na watu wengine. Ikafika mahali mnara wake wa vibao vya kuchezea ukianguka analia hadi anatapika. Arlys alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye benchi langu, akanitazama mimi, si mtoto. "Beth, unamwogopea nini?" Nilikasirika karibu nimfukuze. Baada ya miezi mitatu Kaisa alikuwa anaujenga upya mnara bila chozi, na alipoumaliza alimwita Arlys aje auone.

Sasa Kaisa ana miaka ishirini na mitatu, anasomea uuguzi mjini Duluth. Alipofeli mtihani Januari, alimpigia Arlys. Nilijifariji kwamba kila Jumapili saa kumi hunipigia mimi. Mwezi uliopita, tukipanga masanduku ya Arlys, nikajigamba kuhusu simu hizo, naye uso ukamwiva.

"Mwenzangu, usinichukie," akasema. "Saa tisa na nusu huwa namtumia ujumbe: mpigie mama yako."

Miaka minne yote, tangu aende chuoni! Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nikamwomba zawadi moja ya kuagana: aache kumkumbusha. Akaahidi. Jumapili ya kwanza simu haikulia. Ya pili pia. Nilikonda kwa hofu kwamba sina mtoto, nina wa kuazima.

Jumanne iliyopita asubuhi, nikiwa kikaoni, simu ikalia.

"Mama, nimeunguza sufuria ya mwenye nyumba hadi imetoboka, na anakuja leo. Usimpigie, usitume kitu, nitamwambia mwenyewe. Nilitaka tu kukusimulia wewe."

Nilimsikiliza dakika arobaini koridoni. Mwishoni nikamuuliza kama kuna aliyemtuma. "Kunituma? Nani, mama?"

Arlys, ofisi nzima inakushukuru kwa watoto wanaoanguka na kuinuka kila pembe ya wilaya hii. Tunakutakia afya, goti imara, na maisha mema kwa dada yako huko Arizona. Familia zako nitazitembelea, na Duane ameshaambiwa avumilie. Ila simu ya Jumanne ilikuwa yangu, mpinzani wangu mpenzi, na hiyo sikupi.