Mama Wathome Anastaafu, Detekta Yake Inabaki

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kavinya Mutunga, ambaye sote tunamwita Mama Wathome, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho hapa Karakana ya Ushirika wa Mwangaza, Ziwani. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne na miezi minane. Kamati imeniomba mimi, Javan, mwendeshaji wa msumeno mkubwa, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha na nisiguse suala la detekta. Ya kufurahisha yapo. La detekta nitaligusa pia, kwa sababu ukiliondoa hilo hubaki na wasifu wowote.

Alianza kazi Machi 1991, mama wa miaka ishirini na sita anayeishi Kaloleni na mumewe, karani wa reli. Aliajiriwa kusugua vinyago kwa msasa. Waliofanya kazi naye wakati huo wanasema mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi, na kwamba twiga aliyepita mikononi mwake aling'aa mpaka mteja akaogopa kumshika.

Kilichombadilishia kazi kilitokea Juni 1992. Magogo yetu hayatoki msituni, yanatoka mitaani humu, pale mti unapokatwa kupisha barabara au ghorofa. Na hakuna mti wa Eastlands ambao haujapigiliwa misumari: bango la mkutano wa injili, tangazo la chumba cha kupanga, kamba ya nguo. Mti hukua, gome likaufunika msumari, na baada ya miaka ishirini huoni hata kovu. Msumari wa namna hiyo ndio uliokutana na msumeno wetu. Bledi ilikatika ikaondoka na vidole vitatu vya Mulwa, aliyeuendesha msumeno huo kabla yangu. Mama Wathome ndiye aliyemfunga mkono kwa leso yake. Mulwa alikuwa mchongaji hodari, na hakushika patasi tena.

Mwaka uliofuata kamati ilinunua detekta, mashine ya kutambua vyuma, tayari ikiwa imetumika. Ilikuwa nzito, ina sahani kubwa chini na hedifoni za kufunika masikio yote mawili, na ilihitaji dakika kumi kupata moto kabla ya kuanza kazi. Wanaume walisema kusikiliza magogo ni kazi ya mtu asiye na shughuli. Mama Wathome hakubishana nao. Aliichukua, akaivaa begani, na hajaitua mpaka leo. Vijana wa karakana waliibandika jina la Shosh, yaani nyanya, na jina likashika.

Utaratibu wake kila mmoja wetu anaujua. Kabla ya kulikaribia gogo anavua pete, saa na herini, kisha anabadilisha buti na kuvaa viatu vya plastiki. Anaipitisha Shosh polepole, mara mbili kwa urefu na mara moja kwa mzunguko. Pakilia, anaweka msalaba wa chaki. Msumari ukishang'olewa, anauzungushia msalaba duara. Gogo likiwa safi kabisa, anaandika herufi K kichwani mwake. Mimi siwashi msumeno bila K. Mameneja wamekuja na kuondoka, wengine wakiwa na haraka kubwa, na bado siwashi.

Si kwamba hajawahi kukosea. Mwaka 2004 alisahau kuvua beji ya akina mama wa kanisa, aliyokuwa ameibana kwa ndani ya sweta. Gogo moja likapata misalaba arobaini na mitatu. Wachongaji wawili walichimba siku mbili wasipate hata pini, wakaanza kunong'ona kwamba gogo limerogwa, mpaka Mama Wathome alipoinama kuwakemea na beji ikamchoma. Gogo lile la mashimo likageuzwa viti, na mteja aliyeviona akaagiza vingine kumi na viwili vyenye mashimo vilevile. Ikabidi tuyatoboe kwa makusudi. Mama Wathome alidai sifa zote za ubunifu, na hadi leo hajazirudisha.

Katika miaka thelathini na miwili ya Shosh tumevunja bledi tatu tu, na zote zilivunjika siku ambazo yeye hakuwepo kazini na mtu mwingine akawasha msumeno bila K. Hakuna mtu aliyeumia. Nauliza, ni mashine gani mpya yenye cheti kama hicho?

Sasa tufike kwenye hiyo mpya. Februari mwaka huu meneja wetu, Griffins, alikuja na detekta ya kisasa, nyepesi, yenye skrini ya rangi. Griffins ni kijana mzuri, na mbele ya safari mtaona kwa nini nasema hivyo. Lakini siku ile alisimama mbele ya wafanyakazi akasema: "Hii Shosh imechoka, wasee. Wacha ipumzike. Hii mpya inakuonyesha ni chuma gani na iko ndani kiasi gani." Watu wakapiga makofi. Kamati ikapanga kwamba Mama Wathome akistaafu apewe Shosh kama zawadi, ndani ya sanduku lililopakwa vanishi. Nia ilikuwa njema. Mimi niliona vidole vyangu vikifungwa kwenye karatasi ya zawadi.

Nilisimama nikasema sikati gogo lolote kwa neno la skrini mpaka mashine hizo mbili zishindane. Niliitwa mkaidi. Nilikubali jina hilo, nikaketi.

Gogo la majaribio lilikuwa la mjakaranda kutoka Kaloleni. Griffins alilipitia kwa mashine mpya. Akapata sarafu moja ya shilingi na kipande cha waya wa shaba, vyote vikatolewa, akatangaza gogo ni safi. Kisha Mama Wathome akavaa hedifoni zake. Aliweka misalaba saba. Kwenye wa saba, pale matawi yanapogawanyika, alisimama muda mrefu bila kusogea.

"Hapa kuna kitu kikubwa, na kimelala kwa ubavu," alisema. "Javan mwanangu, usiguse swichi."

Tulichimba karibu saa nzima. Tukatoa msumari wa reli, ule wa kufungia reli kwenye mataruma yake ya mbao, mrefu kama kiganja changu. Bila shaka mtu wa reli aliupigilia zamani ili afungie kamba ya nguo. Nilijua kwamba bledi yangu ingepita palepale, nami ningekuwa nimesimama mbele yake.

Saa ya chakula Griffins hakula. Alikisoma kijitabu cha mashine yake mara mbili, akapata jibu. Mashine ile imetengenezewa watu wanaosaka sarafu na vito vya dhahabu, na inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kunyamazia chuma cha kawaida, kwa sababu kwao chuma ni takataka. Kwetu chuma ndicho adui tunayemtafuta. Aliuondoa mpango ule, akaipitisha mashine upya juu ya misumari sita ambayo ilikuwa bado haijang'olewa. Safari hii aliipata yote, na akaongeza pini ndogo ya bango ambayo Shosh haikuisikia. Sifichi hilo. Mashine mpya ni nzuri, haichoshi bega, na haingojewi ipate moto. Lakini Shosh haijui kunyamazia kitu. Imekuwa ikilia kwa kila aina ya chuma tangu 1993 bila kuuliza thamani yake.

Griffins alirudi mbele ya watu walewale waliompigia makofi. "Mama, nisamehe," alisema. "Leo ningemuumiza Javan." Mama Wathome alimwambia aende akale kwanza. Tangu siku hiyo mimi namheshimu kijana yule.

Hata hivyo, kamati haikuachana na sanduku lake la vanishi. Mwezi jana ilidai kwamba stoo ni ndogo na betri za Shosh zinapatikana kwa shida. Hapo Mama Wathome akaomba kusema. "Kwangu Njiru sina magogo, nina kuku," alisema. "Mnataka nitafute misumari kwa kuku? Nipeni tangi la maji. Shosh iacheni na wale watakaobaki mbele ya msumeno." Tangi limenunuliwa. Na Griffins mwenyewe ameandika na kutia sahihi: kila gogo litapita mashine zote mbili, mpya ikitangulia na Shosh ikimalizia.

Anayechukua hedifoni ni Nekesa, mwanafunzi wake. Kwa miezi minane Mama Wathome amekuwa akificha misumari chini ya magunia na kumwambia aitafute, na akiikosa anaanza upya, hata kama chai inapoa. Ijumaa iliyopita Nekesa alimaliza gogo lake la kwanza peke yake. Akaandika N, herufi ndogo yenye woga, kisha akageuka kumtazama mwalimu wake. Mama Wathome hakuligusa gogo. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza niliwasha msumeno bila K, na ubao ukatoka safi.

Kwa hiyo, wale mnaosema kila cha zamani kitupwe, karibuni Ziwani mtuonyeshe gogo. Tutalipitisha. Shosh ipo, na inapata moto.

Mama Wathome, asante kwa leso uliyomfungia Mulwa, na kwa kila asubuhi uliyovua pete yako kwa ajili yetu. Kuku wako watage, tangi lako lisikauke, na bega lako lipate usingizi. Maisha mema huko Njiru, mama yetu. Wasifu huu sikuupeleka kuchapwa mpaka nilipouandika wote kwa mkono wangu wa kulia. Mkono huo ninao, na una vidole vitano.