Wa Kuingia Bustani ya Ubalozi

Mgeni rasmi, msanifu wetu wa majengo Waithira Gachau, mwenyekiti, na majirani wote wa Mugutha, hamjambo!

Benta, Mama Lenny kwa wenzake, alisoma kwa sauti ya kanisani. Kikundi kilimpa risala aisome. Kazi yenyewe ya kutunza bustani kikampa Nekesa. Wivu ulimchoma tangu asubuhi.

KARIBU

Umeacha meza yako ya michoro ukaja kukanyaga matope yetu. Asante sana.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama tuliotoka magharibi na Ukambani, tukafanya kazi kwenye mashamba ya maua hapa Ruiru. Tulipoachishwa kazi, tulianza kukuza miche nyuma ya nyumba zetu.

MAFANIKIO

Ulipochora ubalozi ule wa Nairobi uliweka bustani katikati, ukaizungushia ukuta wa mawe, ukapanga ofisi zote ziitazame. Mawaridi yote ya humo ni miche yetu. Balozi akiinua macho kazini, anatuona sisi.

Vigelegele vikapigwa. Nekesa alikaa mstari wa mbele, kichwani kitambaa kipya. Kipya! Hata hajaajiriwa, ameshavaa! Nani alimfundisha kubebesha waridi juu ya shina la waridi mwitu, akimshika vidole kama mtoto wa chekechea? Si Benta? Leo mwanafunzi anapewa kazi, mwalimu anatumwa kumsomea sifa.

CHANGAMOTO

Ukuta wako ni mzuri, mgeni rasmi, ila ni mrefu. Tangu miche iingie, hakuna hata mmoja wetu aliyeona maua yake. Mlinzi wa langoni alituambia tutafute picha.

MAOMBI

Umesema ubalozi utaajiri mtunza bustani mmoja kutoka kwetu. Tumeketi, tumekubaliana. Tunaomba achukuliwe mwenzetu Nekesa.

Hapo risala iliweka nukta. Benta hakuiweka.

"Ingawa," akaongeza, macho bado kwenye karatasi, "mwenzetu huyu mgongo unamsumbua sana siku hizi, na kuinama ndiyo kazi yenyewe."

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika.

"Pole, Nekesa," Waithira alisema. "Hiyo sikuambiwa. Kuna mwingine?"

Nekesa alisimama. Hakumtazama mgeni, alimtazama Benta.

"Madam, mgongo yangu haina shida. Lakini kama Mama Lenny anataka hii kazi hivyo, mpatie tu. Ni yeye alinifunza kushika makasi."

Waithira alidhani ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, akatabasamu. "Sawa basi. Mama Lenny, Jumatatu uje."

Kazi ikawa ya Benta. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenzao Syokau alisogeza kiti karibu na Nekesa, Mwelu naye akamshika mkono, na Benta akaona wivu upya, mkali kuliko ule wa asubuhi. Yeye hakuna aliyewahi kumshika mkono hivyo.

Risala ilikuwa imebaki mistari miwili.

"Mgeni rasmi, Mungu akufikishe nyumbani salama, na kila unachochora kisimame. Ni sisi wako..."

Akanyamaza, kwa maana jina la kikundi hutamkwa na wote kwa pamoja, na kwa sauti, mpaka majirani wasikie. Alingoja. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Nekesa alikuwa anafungua kitambaa kichwani, anakikunja taratibu magotini.

"Wakuza Miche wa Mugutha," Benta akasema peke yake.