Mwalimu Haugen, Washairi Wawili na Beleshi Moja

Tarehe 6 Juni, Mwalimu Loretta Haugen anastaafu baada ya kufundisha fasihi kwa miaka thelathini na mmoja katika shule yetu hapa Minnesota. Walimu kadhaa tumepita mikononi mwake, mimi nikiwemo, ingawa akiona ninavyoandika hukana kabisa kwamba alinifundisha.

Kilichompa jina ni somo lake la kuwalinganisha Amos Rudd na Celia Wendt, washairi wawili walioandika juu ya dhoruba ileile ya theluji. Rudd ana mistari mirefu yenye kelele, majirani wakifukuliana milango huku wakitaniana. Wendt ana mistari minne tu: viatu viko kizingitini, mwenyewe hayupo. Mmoja anatwambia hatuko peke yetu. Mwingine anauliza kama tuna hakika.

Kila theluji ya kwanza ikianguka, darasa hugawanyika. Watu wa Rudd hughani shairi lake kwa sauti uwanjani, wa Wendt hunong'ona lake koridoni, kisha shule nzima hupiga kura. Walioshindwa hufukua magari ya walimu. Mwalimu mwenyewe yuko upande gani? Tulimchunguza, tukamhonga hata keki. Keki alikula.

Kuna mwaka bodi ya shule ilitaka kulifuta somo hilo. Tuliogopa sana. Mwalimu hakubembeleza mtu. Aliwasomea wajumbe mashairi yote mawili, akaketi.

"Huyu Rudd ana domo tu!" alisema mwenyekiti, Bwana Lindqvist.

"Afadhali domo kuliko huyo Wendt wenu anayeondoka kabla hajamaliza kusema!" alijibu mjumbe mwenzake, Bi. Pruitt.

Walibishana mpaka kahawa ikaisha, wakarudi makwao wamesahau kupiga kura. Somo likapona.

Theluji ya kwanza ya msimu huu ilipoanguka na kura zikahesabiwa, wanafunzi, wakijua ni mara ya mwisho, walimzingira. "Mwalimu, leo huponyoki! Rudd au Wendt?"

Alicheka, akachukua beleshi lake, akaenda kufukua pamoja na walioshindwa. Ndipo nilipokumbuka kwamba hufanya hivyo kila mwaka, ashinde Rudd, ashinde Wendt. Nilipokuwa mwanafunzi nikashindwa, nikanuna, alifukua ubavuni mwangu mpaka nikacheka. Upande wake tulikuwa tunauona kwa macho yetu.

Asante, Mwalimu. Tunakupenda. Tunakuombea siku nyingi za raha, na theluji ikianguka usihangaike: gari lako tutalifukua sote, walioshinda na walioshindwa.