Taya Langu na Nyama ya Kiande

Bwana asifiwe! Aa, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa chai kavu. Bwana asifiwe tena! Amina. Ndugu zangu, niitikieni kwa nguvu, kwa sababu mimi mwenzenu neno hilo nimelisema nikiwa na chuma na skrubu ndani ya taya, na bado nimelitamka vizuri kuliko huyu kijana wa kinanda ambaye hajawahi kuvunjika hata ukucha.

Wengi mnanijua. Naitwa Dada Njoki, wa hapa Mowlem. Nauza akala, viatu vya matairi, kule Kariokor, na Jumapili naongoza nyimbo za sifa. Kwa wageni, mimi ndiye yule aliyeanguka. Hapa hapa, kando ya hiyo spika. Wenyeji msiangalie chini, najua mnakumbuka.

Ndugu zangu, siku hiyo sifa zilikuwa zimepanda. Niliruka mbele, nikaruka nyuma, kisigino kikanasa kwenye waya wa maikrofoni. Kidevu changu kikagonga ukingo wa jukwaa. Nilisikia "kwach!" ndani ya kichwa, kama mtu amevunja kuni. Nikalala chali.

Sasa mtu akianguka sokoni, watu hukimbia kumwinua. Mimi nilianguka kanisani. Kabla sijajua niko wapi, mama mmoja wa maombi alikuwa ameshanifunika leso miguuni! Najaribu kusema "nimeumia," lakini taya limeelekea Dandora na ulimi umebaki Umoja. Kilichotoka ni "Nga! Nga-nga-nga!" Mchungaji akasema, "Mwacheni! Anazungumza na Baba yake!" Kinanda kikashuka taratibu. Watu wakaninyooshea mikono. Dada mmoja, simtaji na anajijua, akaanza kutafsiri. Akasema nimetabiri mvua. Na kweli ilinyesha wiki hiyo hiyo, kwa hivyo sina la kusema.

Aliyeniokoa ni mwanamume aliyekaa kiti cha mwisho, ambaye alikuwa amekuja kanisani kwa mara ya kwanza. Jina lake Mwangi. Ana buchari Soko la Burma, na mtu wa buchari huijua damu. Alipoona kola ya gauni langu inabadilika rangi, akapaza sauti, "Jameni, huyo dada anavuja! Hiyo si roho, hiyo ni damu!" Akanibeba mpaka kwenye pikapu yake ya nyama. Ndugu zangu, nilifika hospitali nikinuka matumbo, lakini nilifika.

Niseme sasa huyu Mwangi alitafuta nini humu. Alikuja kunisikia mimi nikiimba! Alikuwa amenunua akala kwangu, akarudi kununua nyingine, akarudi tena, mpaka nikamuuliza kama ana miguu ya tandu. Tulikuwa tumeshakubaliana, na siku ya ngurario, yaani siku ya kufunga ndoa kimila, ilikuwa imepangwa. Nami nilikuwa nimepita arobaini, ndugu zangu. Mlikuwa mmeshaniombea mume mpaka mkachoka. Wengine mlianza kuniombea paka.

Kwa wasio wa kwetu, nieleze jambo moja. Kwa Wakikuyu, siku hiyo bwana harusi hukata nyama ya mguu wa mbele wa mbuzi aliyechomwa. Mguu huo ndio kiande. Bibi harusi hutafuna ile nyama mbele ya wazee wa pande zote mbili, na hapo ndoa imeshika. Asipotafuna, hakuna ndoa, na mbuzi amekufa bure. Kumbukeni hilo.

Basi hospitalini wakanipiga picha. Taya limevunjika mahali pawili. Daktari wa upasuaji alikuwa msichana mdogo, nikadhani ni wa kuandika majina. Akaunganisha mfupa kwa vyuma, kisha akafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Akaniambia, "Njoki, mfupa unajenga daraja. Ukitikisa kabla halijakauka, linaanguka." Mimi, ambaye husikika kutoka Kariokor mpaka mjini, nikafungwa mdomo. Nasikia wengine mlishukuru.

Nikaanza maisha ya mrija. Ndugu zangu, upendo wenu nusura uniue! Kila mtu aliamini dawa ya mfupa ni mfupa mwenzake. Kila anayebisha hodi ana chupa ya supu. Mwangi naye aliniletea ya kutoka Burma kila jioni. Jirani yangu Mwislamu wa ghorofa ya chini akaniletea supu ya ngamia, Mungu ambariki, ilikuwa tamu kuliko zote. Nilikunywa ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Safina nzima ya Nuhu ilipita kwenye mrija mmoja! Lakini mswaki haupiti kwenye waya kwa urahisi, na maji ya chumvi niliyopewa ya kusukutulia, nilikuwa nasukutua nikikumbuka.

Siku moja nikaamka shavu limekaa kama nimeficha andazi. Likawa la moto. Mdomoni nikaonja kutu. Kisha chini ya kidevu pakatoboka tundu, usaha ukatoka. Nikarudi kwa yule msichana wangu. Akatazama picha, akaigeuza, akaitazama tena, na daktari akitazama picha mara mbili, ndugu zangu, ombeni. Akasema vijidudu vimeingia, skrubu zimelegea, na mfupa haujashika. Haujashika hata kidogo! Muda wote ule wa mrija, daraja halikujengwa. Nililia, na kulia meno yakiwa yamefungwa ni kazi, yote hutokea puani.

Wakanipasua mara ya pili. Wakatoa vyuma vya kwanza, wakasafisha, wakaazima kipande cha mfupa kutoka kwenye nyonga yangu, wakakipachika kwenye taya na chuma kikubwa zaidi. Sasa nikawa siongei na tena nachechemea. Mwangi akanitazama akasema, "Njoki, sasa ukinigombeza nitajua ni kiuno kinaongea." Nilicheka mpaka nesi akatishia kumfukuza.

Lakini siku hiyo Mwangi hakuja peke yake. Alikuja na mama yake, Mama Mwangi, kutoka Murang'a. Mama huyo alisimama miguuni pa kitanda akanikagua kama anakagua mbuzi wa kununua. Kisha akamwambia mwanawe mbele yangu, kana kwamba masikio nayo yalikuwa yamevunjika, "Mwangi, nilikwambia uniletee mke. Huyu ni wa kulishwa kama mtoto. Mfupa wa kwanza umekataa. Na huu ukikataa?" Akaongeza, "Siku ya ngurario tumeshaisogeza mara moja, haisogei tena. Siku hiyo atafune kiande kama wanawake wengine, au tuachane kwa amani."

Mwangi akajaribu kusema kitu. Mama akamtazama tu, na Mwangi, mwanamume anayepasua ng'ombe mzima, akakunja kofia yake mikononi.

Nikamuuliza daktari kwa kuandika kwenye simu: kipande kidogo tu cha nyama, je? Akaniambia, "Ukitafuna kabla sijakuruhusu, chuma kitaachia. Na mfupa mwingine wa kuazima sijui nitautoa wapi." Sasa mnaona nilipokuwa, ndugu zangu. Nikitafuna, napoteza taya. Nisipotafuna, nampoteza Mwangi. Ningefunga na kuomba, lakini kufunga nilikuwa nimeshafungwa.

Siku ikafika. Waya zilikuwa zimetolewa, nikabaki na viraba vya kushika meno, na mdomo ulifunguka kiasi cha kijiko. Wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki, kwa hivyo aliyesimama kwa niaba yangu ni baba mdogo. Tulitandaza hema hapa barabarani, katikati ya magorofa, na jirani mmoja ambaye gari lake lilizibwa alipiga honi mpaka akapewa sahani ya pilau, akaonekana tena akiwa mgeni wa heshima.

Mwangi akakata kiande. Alikosea kiungo mara mbili, yeye mtu wa buchari! Tulikuwa na mpango wetu: binamu yangu alileta blenda, nyama isagwe ninywe. Wazee wakakaa kikao hapo hapo. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Mbuzi akishapita kwenye blenda, bado ni mbuzi?" Baba mdogo akajibu, "Mzee, hata tumboni mwako anasagwa. Sisi tunamsaga mapema." Mwingine akasema hajawahi kusikia mila yenye swichi. Walibishana mpaka pilau ikapoa, na mwishowe wakakubali. Haleluya! Binamu akachomeka blenda. Akabonyeza. Blenda ikasema "vvvv" mara moja, na stima ikapotea.

Mtaa mzima ukasema, "Aaaah!"

Tukangoja. Hairudi. Wazee wakaanza kutazama saa na kofia zao. Yule mzee wa mila akasema kwa upole, "Basi aume kidogo tu. Hata ndege huuma." Watu wote wakanigeukia. Mama Mwangi alikuwa ameketi mbele, mkoba mapajani.

Ndugu zangu, nitawaambia ukweli. Nilikata shauri. Nilitoa kiraba kimoja, nikatoa cha pili. Nikaitoa ile nyama kwenye blenda kwa vidole. Nikasema moyoni, Bwana, taya hili ni lako, ukilitaka lichukue, lakini usinichukulie Mwangi. Nikafungua mdomo kadiri ulivyofunguka. Nilisikia maumivu mpaka kwenye sikio.

"Wewe! Weka hiyo nyama chini!"

Ni Mama Mwangi. Amesimama, mkoba umeanguka. Nikajua yamekwisha. Alikuja mpaka pua yake ikakaribia yangu, akaniuliza, "Ungevunja taya tena kwa sababu ya huyu?" Akamwonyesha Mwangi kwa kidole. Nikatikisa kichwa, ndiyo. "Huyu anayekoroma?" Ndiyo. Machozi yalikuwa yananitoka.

Akaichukua nyama mkononi mwangu, akaitia mdomoni mwake. Akatafuna. Hata jirani wa honi aliacha kula. Mama alitafuna polepole, bila haraka, akiwatazama wazee mmoja mmoja. Kisha akaomba kijiko, akaitoa nyama ile laini kama uji wa mtoto, akanishika kidevu kwa vidole viwili, upande usiouma, akanilisha.

Akawageukia wazee. "Watoto wangu wote niliwatafunia hivi, na huyu bwana harusi ndiye aliyekuwa mlafi kuliko wote. Mila gani inamkataza mama kumtafunia mtoto wake? Aseme nimsikie!"

Yule mzee wa mila alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Vigelegele vilipasuka, na stima ikarudi wakati huo huo, blenda ikaanza kunguruma peke yake mezani, tupu, watoto wakakimbia.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Ilikuwa na ladha ya tangawizi na dawa ya kikohozi. Lakini mimi tangu mamangu alale sikuwahi kushikwa kidevu namna ile. Nilimeza. Na nikiwa nameza, yule mama akaninong'oneza, "Rudisha hivyo viraba, mwanangu, kabla hujaniletea kesi na daktari."

Daktari nilipomsimulia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alinisafisha kila pembe ya mdomo, akanipa dawa, akaniambia mdomo wa mtu una vijidudu na nisithubutu kurudia. Ninyi pia msirudie! Mnisikie vizuri, ule ulikuwa mlo wa siku moja. Nilisukutua maji ya chumvi baada ya kila kikombe, nikanywa dawa mpaka kidonge cha mwisho. Na picha iliyofuata, yule msichana akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha mahali palipokuwa na ufa mweusi. Peupe! Pamejaa! Akasema, "Umeshika, Njoki." Nilipiga haleluya ambayo ilileta walinzi wawili.

Kwa hivyo namshukuru Mungu aliyeniponya. Namshukuru yule msichana, kwa sababu Mungu aliyemgeuza Mama Mwangi ndiye huyo huyo aliyemfundisha kukaza skrubu, na mtu asiwaambie kwamba imani inakataza hospitali. Nawashukuru kwa supu, ingawa ngamia ilitosha. Na kwako wewe uliyeketi hapo, una jambo lililovunjika likaungwa, likakataa, likaungwa tena: usimwache Bwana. Mwamini. Anaweza kutumia mdomo wa mtu uliyemwogopa kuliko wote. Na mtu mwingine akianguka humu, kabla ya leso, kabla ya kutafsiri, nawasihi kwa jina la Yesu, muulizeni kwanza kama ameumia!

Nilikuwa na mengine, lakini namwona Mama Mwangi pale kiti cha tatu, ameshasimama, mkoba begani. Mmesikia alivyosema? Amesema, "Njoki, hebu maliza, kuna mbavu nyumbani zinapoa." Huyo ndiye aliyelalamika kwamba sina mdomo.

Naja, mama. Na leo nitatafuna mwenyewe. Bwana asifiwe!