Chaneli ya Kumi

Sikilizeni wanangu, na wewe Laban ndugu yangu sogeza kiti, maana pumzi ni chache na sirudii neno. Nasema Kiswahili ili mke wa Muli asikie kwa masikio yake, asije akatafsiriwa na mtu.

Shamba la mteremkoni ni la Muli pamoja na ng'ombe, hilo halina maneno. Kinachowakosesha raha ni kinanda, nimewasikia mkinong'ona hapo nje kana kwamba mauti yameshaniziba masikio. Masikio yangu! Kutoka Machakos mjini hadi Kithyoko hakuna aliye na masikio kama haya, na sisemi kwa majivuno. Haya basi, majivuno yamo kidogo.

Mwaka wa tisini na nane nilipouza fahali wawili nikakileta kanisani, wapigaji wengine walijua kitu kimoja tu, kupandisha kila sauti mpaka spika zikohoe. Mimi nilikaa nacho nikakijua. Ndani mna chaneli kumi na sita, kila moja na mpigaji wake na kiwango chake, sifuri hadi mia moja ishirini na saba. Ukishawapanga unawahifadhi chini ya namba, kesho ukibonyeza namba hiyo wanakuja wote. Ngoma hukaa chaneli ya kumi. Hapo niliweka mdundo wa kilumi, ule aliopiga mama yetu watu walipoomba mvua. Na ni wewe Laban, mzee wa kanisa, uliyesimama katikati ya wimbo ukachomoa waya ukutani, ukasema mapepo ya nyanya zetu hayaingii madhabahuni. Niliumia, ndugu yangu, niliumia sana.

Sasa naungama. Jumapili iliyofuata niliishusha chaneli ya kumi hadi thelathini, hakuna aliyeisikia. Kila Jumapili nikaongeza mbili, mbili tu, haba na haba hujaza kibaba. Ilipofika tisini, wewe Laban ulikuwa kiti cha mbele unatikisa mabega! Usininunie. Ulicheza vizuri.

Kanisa zima, mtu mmoja tu aligundua. Binti yangu Nduku alitoka kwenye kwaya akanifuata nyumbani, akaniuliza, "Baba, si ile ngoma unaipandisha mbili mbili?" Na hakumwambia mtu. Muli, nakupenda, lakini juzi ulikiwasha ukasema kimeharibika, kumbe sauti ilikuwa imeshushwa tu. Ukoo utasema binti aliyeolewa hachukui mali ya babake. Nimeusikia ukoo tangu nizaliwe. Kinanda ni cha Nduku, na mdundo wa mama yetu ndani yake, na atakayemnyang'anya asije akashika udongo wa kaburi langu.

Nizikeni Ijumaa, karibu na mama yenu, msiniweke mochari nikawa mzigo. Laban, wewe ndiye utakayeomba... nimekusamehe, na wewe unisamehe ile ya mabega.

Mungu awape mvua, awape watoto wenye... wenye masikio. Nduku, lete viganja. Karibu zaidi, siwezi kuinuka. Natema mate ya baraka kama nilivyotemewa na babangu, ingawa yeye alitemea wana wa kiume peke yao. Muli, mshike dadako mkono, yakufikie na wewe... Hivyo. Usipanguse, mama. Acha yakauke yenyewe.