Sakafu Salama kwa Paka

SALVINA: Haloo? Nani mwenzangu?

BRENDA: Ni mimi, shangazi. Brenda. Shikamoo.

SALVINA: Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona? Ongea, huku Kibosho mtandao ni wa kuokoteza.

BRENDA: Niko Mawenzi, kwa daktari —

SALVINA: Mungu wangu. Unaumwa nini?

BRENDA: Daktari wa mifugo, shangazi. Paka wa Bi Rukaya ndiye anaumwa.

SALVINA: Yule mteja wako wa Rau?

BRENDA: Huyo huyo. Asubuhi nimemdekia sebule kwa ile dawa yangu ya asili. Paka akalamba sakafu. Sasa anatembea upande upande, amegonga kabati, amelala anakoroma.

SALVINA: Si umeandika kwenye chupa "salama kwa paka"?

BRENDA: Nimeandika.

SALVINA: Nani alikwambia?

BRENDA: Niliona video. Mzungu anadeki kwa siki na maganda ya limao, paka wake amelala pembeni.

SALVINA: Alilala kabla ya kudeki au baada?

BRENDA: Shangazi, salio langu ni dogo. Ile pombe ya mbege uliyonitumia kwenye dumu, ilikuwa ipi? Nilikuomba iliyochacha, ya kumwaga. Nilitaka siki.

SALVINA: Haloo? Unakatika —

BRENDA: Sikatiki. Ilikuwa ipi?

SALVINA: Ya ubatizo wa mtoto wa Basili. Niliitoa kabla wageni hawajafika.

BRENDA: Mpya?

SALVINA: Ulitaka nipakie mbege mbovu kwenye gari la Shedrack, ishuke mlima mzima, ifunguliwe huko mjini watu waseme Salvina siku hizi hajui kupika? Kimea cha ulezi nilitengeneza kwa mikono yangu.

BRENDA: Nilikwambia ni ya kudekia.

SALVINA: Uliniambia. Nikajua mtoto anaona aibu kuagiza pombe. Nani anadeki kwa mbege, Brenda? Na wewe hukuonja?

BRENDA: Nionje dawa ya sakafu?

SALVINA: Hata kunusa?

BRENDA: Niliweka limao na mchaichai. Bi Rukaya mwenyewe alisifu harufu.

SALVINA: Lazima aisifu.

BRENDA: Shangazi, usicheke. Daktari anadhani paka amekula sumu ya panya. Ameshavuta dawa kwenye sindano. Ananiuliza kwenye chupa yangu kuna nini.

SALVINA: Umemjibu?

BRENDA: Nimesema viungo vya asili. Nikasema natoka nje kidogo niwaulize watu wangu wa maabara.

SALVINA: Una maabara?

BRENDA: Ni wewe.

SALVINA: Basi maabara inasema, kaseme kweli.

BRENDA: Nitasemaje? Yule mama anaswali pale pale sebuleni. Nyumba ile pombe haijawahi kuvuka kizingiti, na mimi nimeimwaga ukuta hadi ukuta. Ndiye mteja wangu wa kwanza wa maana. Akinikataa, Rau yote wamenikataa. Naogopa, shangazi.

SALVINA: Na usiposema?

BRENDA: Anamchoma. Amesema akikosea dawa paka anaweza kumfia mkononi. Bi Rukaya amemfunika kwa mtandio wake, analia.

SALVINA: Ingia ndani.

BRENDA: Ungeniambia tu ukweli —

SALVINA: Tutagombana kesho, kwa salio langu. Ingia, na simu usikate.

[mlango, sauti za watu]

BRENDA: [kwa mbali] Daktari, subiri. Usimchome. Ile dawa ni mbege… Ndiyo, pombe… Hapana, bado haijachacha. Bi Rukaya, nisamehe. Nilidhani ni siki. Niliandika "salama" na sikuwa najua.

[mtandao unakwaruza]

SALVINA: Brenda? Haloo?

BRENDA: Ameiweka sindano chini. Anamtundikia dripu, anamfunika blanketi. Anasema atapona.

SALVINA: Mungu ashukuriwe. Na mwenye paka?

BRENDA: Ananiangalia tu. Afadhali angenitukana. Shangazi… anaomba simu.

BI RUKAYA: Haloo. Wewe ndiye umepika?

SALVINA: Ni mimi, dada yangu. Nisamehe sana. Kesho nashuka kwako na jani la sale, nikuombe msamaha kama tunavyoombana huku kwetu.

BI RUKAYA: Sale nalijua, nimezaliwa Moshi hii hii. Njoo nalo, nitalipokea. Na huyu mtoto wako aje na ndoo. Aioshe sebule yote upya.

SALVINA: Ataosha. Aje na dawa gani?

BI RUKAYA: Maji.

SALVINA: Sawa, dada. Maji tu.

BI RUKAYA: Na akimaliza, atalamba yeye kwanza. Paka wangu atafuata —

SALVINA: Haloo? Dada? Haloo?

[salio limekwisha]