Ngumi Niliyompiga Kaka Yangu

Ndugu zangu, wengi mnaniona na pua hii iliyopinda mkadhani niligongwa na trekta. Hapana. Nilikuwa bondia. Leo nimeona niwaambie yote.

Nimezaliwa Oldeani, kambi ya vibarua wa kahawa. Miaka ile ya foleni za sukari nilikuwa na miaka kumi na tisa, mlevi, mwepesi wa kupiga. Jumapili moja kaka yangu alininyang'anya pombe mbele ya watu. Nikampiga ngumi moja tu. Jicho lake la kushoto halikuona tena.

Baba akasema, "Ondoka. Hapa hutakula tena." Hakupaza hata sauti. Nawaambia, afadhali angenichapa.

Nikaenda mbali kadiri nilivyoweza, mpaka Pangani, mji mdogo wa pwani, nikawa nakata mkonge. Huko nako nilipigana kila wiki. Siku moja kivukoni, mzee mmoja fundi viatu, bondia wa zamani, akanitazama nikimtwanga mtu. Akaniita.

"Una hasira tu, mwanangu. Ngumi hujui."

Akanifundisha nyuma ya kibanda chake, kwenye gunia la mchanga. Mwaka mzima sikugusa pombe. Kwa mara ya kwanza niliamka nikijua naamkia nini.

Likaja pambano kubwa. Raundi ya tatu nikampasua mwenzangu juu ya jicho, damu ikamziba. Watu wakapiga kelele, "Hapo hapo! Mmalizie!" Katika uso ule nikamwona kaka. Mikono ikashuka yenyewe.

"Mzee, siwezi," nikasema.

Wakanizomea. Mzee akanivua glavu taratibu. "Basi nenda kwenu," akaniambia.

Nilikuta baba ameshazikwa. Kaka alikuwa amehamia Endabash, anapalilia mbaazi. Nikapiga magoti palepale shambani, nikamwomba msamaha.

"Nimekusikia," akasema. "Jicho huwezi kunirudishia. Chukua jembe."

Namlimia mpaka leo. Hajatamka kwamba amenisamehe, na hatujawahi kula sahani moja. Inauma, ndugu zangu, sitawadanganya.

Namshukuru yule mzee wa Pangani. Namshukuru shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuwa akiniletea chakula kule shambani bila kutumwa na mtu. Na nyinyi vijana mnaorusha ngumi ovyo vilabuni: mkimwumiza mtu, msiende kumdai msamaha kama deni. Ombeni, kisha fanyeni kazi, hata asiposema neno.

Kesho asubuhi nipo shambani kwake.